Chumba cha Kumalizia Matanga

Siku niliyopata habari kwamba mama amefariki kule Uvira, nilikuwa nimebakiwa na vyumba vinne ambavyo sijavisafisha. Nilivimaliza. Nimewasikia watu wakisimulia jinsi walivyoanguka chini walipopewa habari kama hiyo, na sisemi kwamba wanadanganya. Mimi sikuanguka. Nilibadilisha mashuka, nikapangusa vioo, nikahesabu taulo, kisha nikashuka ngazi za nyuma za hoteli, nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka nyumbani, Rissne. Machozi yalikuja siku ya tatu, nikiwa jikoni namenya viazi. Jambo hilo la vyumba vinne sikumwambia mtu yeyote.

Hatukwenda kumzika. Sisi watoto wake wanne tulikuwa tumetawanyika tangu kambini. Dada yetu mkubwa, tunayemwita Yaya kama watu wa Kongo ya mashariki wanavyomwita aliyewatangulia kuzaliwa, alikuwa Arizona. Kaka yetu alikuwa Iowa, kwenye kiwanda cha nyama. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa Kanada, na mimi Stockholm. Hati yangu ya kusafiria ya ukimbizi ilisema wazi kwamba naweza kwenda kokote isipokuwa kwetu, na za wenzangu hazikuwa na nafuu. Mama Mdogo, ndugu yake mama, ndiye aliyesimamia kila kitu.

Lakini kwetu kuzika si kumaliza. Watoto wa marehemu hulala chini pamoja, chumba kimoja, usiku mmoja. Kila mmoja husema jambo moja la kweli mbele ya wenzake. Asubuhi mkubwa huwakata wadogo zake nywele kidogo, wanakula pamoja, halafu habari inapelekwa kwa wazee kwamba matanga yamekwisha. Mpaka hapo mtu bado yuko kilioni. Nilivaa kitenge kile kile cheusi kanisani miaka mitatu. Sikusuka nywele. Kwenye arusi za watu nilikaa jikoni, nikaosha vyombo, nikaondoka kabla ya muziki. Siku moja binti yangu, aliyezaliwa hapa, aliniuliza kwa Kiswidi kama bibi yake hufa kila mwaka.

Nilipopata uraia na pasipoti nyekundu ya kunifikisha hata Marekani, niliwapigia simu wote. Wote walikuwa tayari, ila hati za wenzangu bado ziliwakataza Uvira, basi tungekutana huko huko waliko. Kilichokosekana ni nyumba. Yaya ana nyumba, lakini ni ya mume wake, na mume wake ni mkwe wa mama. Kwetu mama halali nyumbani kwa mkwewe wa kiume, na matanga yake hayalali humo pia. Kwa hiyo hata kwangu, nilikoolewa, hapafai, na kwa mdogo wetu, naye ameolewa, hapafai. Kaka hakuwa na mke, na kwake pangefaa kabisa, ila alikuwa akigawana chumba na wanaume watatu wa kiwandani.

Jumapili moja, kwangu alasiri na kwao asubuhi, tuliunganishwa kwenye simu wote wanne.

"Kuna mji mmoja," akasema kaka, "ndege zake ni rahisi kutoka kila upande. Hoteli zake nyingi, na nasikia vyumba bei ya chini. Las Vegas."

Yaya akauliza, "Ule wa kamari?"

"Huo huo, Yaya."

"Mimi, shemasi, nikamlilie mama katikati ya mashine za kamari?"

"Mashine hazisikii, Yaya."

"Mungu anasikia."

"Hata akisikia, atasikia unalia. Kuna ubaya gani?"

Mdogo wetu akaanza kucheka, Yaya akamwambia atacheka vizuri akishakuwa na nauli. Kisha likaja swali la nani atafute chumba, na wote wakasema kwa pamoja, kama waliopatana, kwamba ni mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa hoteli.

"Mimi natandika vitanda," nikasema. "Sivikodishi."

"Ni kazi ile ile," akasema kaka.

Yaya akamaliza kwa sauti ya chini. "Kiwanda kimempa huyu siku tano tu, mwezi wa pili. Mimi nimechoka, wadogo zangu. Tukishindwa safari hii, basi kila mtu ayamalize peke yake, alipo."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilijua kwamba peke yangu sitayamaliza kamwe. Ningeendelea kuosha vyombo vya arusi mpaka nizeeke.

Nyumbani hatukuwa na kompyuta. Nilikwenda maktaba ya Vällingby, ambako mtu huandika jina lake na kupewa kompyuta kwa saa moja. Huko nilijifunza kutafuta: nafungua tovuti, naandika mji, siku ya kufika, siku ya kuondoka, idadi ya watu, na picha zinashuka moja baada ya nyingine, mabwawa ya kuogelea, minara, taa za rangi zote. Mimi macho yangu yalikwenda vitandani. Naweza kutazama picha ya kitanda nikakwambia kama aliyekitandika alikuwa na haraka.

Niliandika Ijumaa mpaka Jumapili. Sikufikiri hata kidogo. Miaka yote niliyofanya kazi katika hoteli ile karibu na stesheni kuu, nilijua kwamba vyumba hushuka bei mwisho wa wiki. Lakini kule kila chumba kilikuwa ghali. Usiku mmoja ulikula mshahara wangu wa siku tatu. Nikabadilisha hoteli, nikabadilisha tovuti, nikaenda wiki inayofuata, tena Ijumaa mpaka Jumapili. Hivyo hivyo. Nilirudi maktaba mara tano au sita, na kila mara saa yangu iliisha nikiwa sina kitu. Niliporipoti kwenye simu, kaka akasema nidanganye.

"Andika watu wawili. Wakiandikwa wanne wanaongeza pesa. Sisi wengine tutaingia baadaye, kama wageni. Nani atatuhesabu?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe vipi?"

"Mimi ndiye ninayehesabu watu. Nikikuta taulo nne zimelowa kwenye chumba cha wawili, unafikiri sijui?"

"Kwa hiyo unawasemea?"

"Siwasemei. Lakini najua. Siwezi kumlilia mama huku nikimkwepa mfagiaji."

Yaya akauliza zimebaki wiki ngapi. Nilijua anachofikiri: kwamba ndiyo basi, imeshindikana.

Pale kazini nilikuwa nikigawana ghorofa ya nne na mama mmoja Mkenya, mkaaji wa Vällingby, mwenye mdomo usiopumzika. Ijumaa ile alikuwa akisukuma toroli lake na kulalamika.

"Ijumaa tena! Sasa waje na watoto wao, wanipondee chipsi kwenye zulia. Mimi nawapenda wale watu wa tai wa katikati ya wiki. Wanalala, wanaoga, wanaenda mikutano yao. Hawana maneno."

Nilisimama na foronya mkononi. Hapa kwetu hoteli inajaa katikati ya wiki kwa sababu watu wa tai wanakuja kikazi, na wanalipiwa. Mwisho wa wiki hawapo, ndiyo maana bei inashushwa, familia nazo zinakuja. Lakini nani anakwenda mji wa kamari kikazi siku ya Jumanne? Watu wanakwenda huko kucheza, na watu wanacheza Ijumaa na Jumamosi. Nilikuwa nimeitafuta Las Vegas kama mfagiaji wa Stockholm.

"Wewe mama wa Kongo, umeganda?" akaniuliza.

"Jumapili," nikamwambia. "Naingia Jumapili, natoka Jumatano."

"Unaingia wapi?"

Nikamweleza yote. Akashika kiuno. "Vegas? Wewe usiyenunua hata tiketi ya bahati nasibu?"

Jioni ile tulikwenda naye maktaba. Aliandika yeye, maana Kiingereza chake ni cha shule na changu ni cha kuombea ruhusa. Jumapili mpaka Jumatano. Bei ilianguka mpaka nikamwomba aangalie mara mbili kama ni mji ule ule. Ilikuwa chini ya theluthi ya ile ya Ijumaa, chumba chenye vitanda viwili vikubwa, watu wanne, jengo refu lenye chemchemi mbele.

"Nibonyeze?" akauliza.

"Kwanza waandikie barua."

"Barua ya nini?"

Nikamtajia maneno. Kwamba sisi ni ndugu wanne, mama yetu amefariki na hatukumzika. Kwamba usiku mmoja tutashusha magodoro chini, tulale pamoja, na asubuhi tutakata nywele kidogo, lakini tutatandaza gazeti. Hatuvuti sigara, hatunywi, na kamari hatuchezi. Kama hilo haliwezekani, watuambie sasa.

Alitoa mikono kwenye kompyuta. "Hoteli haiambiwi mambo kama haya, mama."

"Mimi na wewe tukikuta magodoro chini, tunafikiri nini?"

Akafikiri. "Kwamba kitanda kimevunjika. Au walipigana."

"Basi andika."

Akaandika, huku akitikisa kichwa na kusema kwamba watatuona wazimu, tena wazimu wa kwanza kujitangaza.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Katika siku hizo sikumwambia Yaya kitu, na kila usiku nilijilaumu kwa ile barua. Kaka alinipigia mara mbili, mara mbili nikamwambia bado. Tulipofungua, yule mwenzangu alisoma kimya kwanza, na uso wake ukawa mzito, nikajua wamekataa.

"Wanakupa pole ya mama," akasema. "Wanauliza kama umeona ile ada ya kila siku."

Sikuwa nimeiona. Ilikuwa ada ya bwawa na vyumba vya mazoezi, inalipwa pale pale ukifika, kwa kila siku, na haimo kwenye ile bei ya mwanzo. Nikaijumlisha kichwani. Bei yangu nzuri ilikaribia kuwa mara mbili. Nikaanza kuvaa koti langu.

"Subiri," akasema. "Haijaisha." Aliyejibu alieleza kwamba nyuma ya jengo kubwa wana jengo lao la zamani la ghorofa mbili, milango inafungukia uani, halina bwawa wala mapambo, na kwa hiyo halina ada ile. Halionyeshwi sana kwenye tovuti. Kwa siku zetu hizo chumba kipo, na mtu wa tatu na wa nne hawatozwi. Ombi lake ni moja, turudishe magodoro juu kabla wafagiaji hawajaja.

Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote. Niliona huyo mtu anaijua kazi yetu.

"Sasa nibonyeze?"

"Bonyeza."

Kaka alipopata habari alicheka sana. "Yaani ukweli una punguzo! Mbona hawakutuambia kambini?"

Yaya aliuliza jambo moja tu, kama kufika chumbani lazima upite kwenye mashine. Nikamwambia milango inafungukia uani. Baadaye tuligundua kwamba ndani ya ofisi ya funguo kulikuwa na mashine moja, ndogo, inalia kama mtoto mwenye njaa. Yaya aliipita amefunika uso kwa kitambaa, akajigonga kwenye meza. Mdogo wetu akacheka mpaka akaketi kwenye sanduku lake, na safari hii Yaya naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake ana kwa ana kwa miaka kumi na mmoja.

Usiku wa pili tulishusha magodoro. Chumba kilikuwa cha zamani, zulia limechakaa mlangoni, lakini mashuka yalikuwa safi na pembe zake zimekunjwa vizuri. Tulilala kwa mpangilio wa kuzaliwa, Yaya ukutani. Kila mmoja alisema jambo lake moja la kweli. Zamu yangu ilipofika nilisema lile ambalo sikuwahi kulisema: kwamba siku mama alipokufa nilimaliza kwanza vyumba vinne.

Kisha Yaya akasema gizani, "Siku baba alipofariki wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Habari ilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliitwanga yote mpaka ikalainika, akaiweka jikoni, ndipo akakaa chini. Umeyatoa kwake hayo."

Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nianze kuvaa kile kitenge.

Asubuhi alitukata nywele juu ya gazeti. Tulikula mkate, mayai na ndizi tulizonunua dukani. Magodoro nilikuwa nimeshayarudisha na vitanda nimetandika kabla wenzangu hawajanawa uso, na kaka akaniambia hata kwenye matanga siwezi kuacha kazi. Tuliondoka Jumatano kama tulivyoandika, na kabla ya kurudisha funguo tulimpigia Mama Mdogo Uvira, simu katikati ya kitanda, sote wanne tumeizunguka.

"Mama Mdogo," akasema Yaya, "matanga yamekwisha."

"Mmelala chini?"

"Tumelala."

"Wote wanne?"

"Wote."

"Kwa nani? Msiniambie mmemlaza dada yangu kwa mkwe."

"Hapana, Mama Mdogo. Tuko hotelini."

"Hiyo hoteli ni ya nani?"

Tukatazamana. Kaka akanionyesha mimi kwa kidole, maana ndiye niliyeitafuta.

"Ni yetu, Mama Mdogo," nikasema. "Mpaka saa tano."

Mama Mdogo akapiga kigelegele, kirefu, simu ikakwaruza, na mdogo wetu akakimbia kufungua sanduku langu kutafuta kitenge cha njano, cha kuvaa nikishavua kile cheusi, ambacho nilimwambia yeye tu, nami nilikuwa nimekificha chini kabisa bila kujua kama ningekihitaji.