Ngozi Isiyopashwa Moto

Nakumbuka asubuhi moja kule Minjila, mwanangu, maji ya mafuriko yamesharudi mtoni lakini kuta za nyumba bado zina unyevu ukizigusa. Nilikuwa msichana mwenye maringo ya kazi, hedifoni kichwani, maana mjomba wangu Komora, fundi wa redio aliyestaafu, alikuwa amenichukua nimsaidie kurekodi nyimbo za wazee wetu Wapokomo. Siku hiyo tulikuwa kwa Bibi Hadulu. Kifua kilimsumbua, na sauti yake ilikuwa ikija na kuondoka. Wimbo wake wa kupalilia mpunga, hakuna mwingine aliyebaki kuujua wote. Mwanawe Buya, mpiga ngoma, ndiye aliyetuita. Hakutaka sauti ya mama yake izikwe naye.

Bibi akaanza kuimba, na mimi masikioni nikasikia kama mafuta yanakaangwa. Mjomba akaizima maiki, akasema ni unyevu, akatoka kwenda kutafuta kitambaa kikavu garini.

Sasa Buya alikuwa amekulia kwenye ngoma. Ngoma ikilegea kwa baridi unaipasha moto, ngozi inakaza, mnaendelea. Naye alikuwa ameshaambiwa kwamba ndani ya maiki mna utando uliowambwa. Basi mjomba aliporudi alimkuta amechutama mbele ya jiko, ameinamisha kichwa cha maiki juu ya makaa, anakigeuzageuza kwa ufundi kabisa. Mimi nimesimama pembeni, naona ni busara tupu.

Mjomba alikuwa na hasira za kimyakimya, ambazo kwa maoni yangu ndizo mbaya zaidi. Aliichukua maiki taratibu, akaketi mkekani, akatoa bisibisi ndogo na kuondoa wavu.

"Njooni muone mlichotaka kuchoma," akasema.

Ndani mlikuwa na kidude cha duara, kama sarafu kubwa nene. Uso wake ulikuwa utando wa plastiki, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umepakwa dhahabu, umekazwa na pete yenye skrubu ndogondogo pembeni. Nyuma ya utando kulikuwa na kipande cha shaba kilichotobolewa vitundu vingi, na kati ya hivyo viwili nafasi ambayo hata unywele ungeona shida kupita. Mjomba akatueleza kwamba umeme hukaa katika nafasi ile. Mtu akiimba, utando unatikisika, nafasi inapungua na kuongezeka, na umeme nao unatetemeka vilevile hadi kwenye waya. Unyevu ukiingia, umeme unavuja, ndiyo ule mkaango niliousikia. Tulikuwa tumeziba midomo kwa viganja, maana hata pumzi zetu alizikataza. Mpaka leo sijaona kitu kilichonipendeza vile.

"Buya, ngoma yako ngozi ya ng'ombe," mjomba akasema. "Ng'ombe amezoea jua. Hii ikipata moto inalegea, inalala juu ya shaba, inaganda hapo. Haiamki tena."

"Mzee, mama anachoka. Sasa mimi nafanyaje?"

"Ngoja."

"Nikingoja sauti itaisha."

"Inaweza kuisha," mjomba akajibu. Hakumdanganya, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Akairudishia wavu, akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya mkebe wa biskuti na kuuweka mahali penye joto la kiasi. Tukangoja. Buya aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, hadi mama yake akamwambia atulie.

Alasiri maiki ikawa safi kabisa. Bibi akaanza wimbo, akakohoa, akaanza tena, sauti ikakataa kupanda. Nikanyoosha mkono nizime rekoda. Mjomba akanitikisia kichwa. Bibi alikuwa amemgeukia mwanawe, anaongea naye kana kwamba sisi hatupo.

"Buya, wewe hujala toka asubuhi. Wali uko kwa sufuria. Kula, usingoje mimi. Na ndugu yako ukimuona, mwambie mimi sina neno na yeye. Mbona unalia, na wewe mtu mzima?"

Bibi alifariki kabla ya mavuno. Wimbo ule hatunao, na bado unaniuma. Buya hakutaka kusikia kanda ile kwa muda mrefu. Kisha siku moja alikuja kwetu Garsen na nduguye, yule aliyekuwa ameondoka kwao Minjila kwa ugomvi na asirudi hata kuzika. Buya akaniambia, "Weka pale anaponiambia nile, halafu usizime." Nduguye alisikiliza akiangalia sakafu. Ilipofika mwisho akaniomba nirudishe nyuma. Nilirudisha mara nyingi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujakigusa kitu, uliza kimeumbwa na nini. Hata watu ni hivyo hivyo: yuko ambaye ukimpasha moto anakaza, na yuko ambaye ukimpasha moto analala chini asiamke tena. Na wewe mwenye simu ya kurekodia mfukoni, usingoje mzee wako aimbe. Akikuuliza kama umekula, washa. Mungu akulainishie mkono, akupe subira ya kungoja, na kila urudipo nyumbani akukutanishe na mtu wa kukuuliza.