Bibi Sindano na Siku Sita za Uumbaji

Alizaliwa mwezi wa Agosti, mtoto wa saba wa fundi seremala, na kwa kuwa alishona mavazi ya altare, waumini walimwita Bibi Sindano. Akiwa na miaka kumi na tisa alikataa posa mbili, akamwambia baba yake kwamba moyo wake tayari una mwenyewe. Akapewa kazi ya kufundisha katekisimu, naye akaifanya miaka arobaini katika chumba kile kile alimoshonea kwa cherehani. Alikuwa mpole, ila kwenye Kitabu cha Mwanzo alikuwa mkali kama pilipili: kabla ya kuandikwa jina kwa ubatizo, kila mtu alipaswa kutamka mbele yake kwamba ulimwengu uliumbwa kwa siku sita za saa ishirini na nne. Sharti hilo hakupewa na mtu; alilishona mwenyewe.

Ndipo akaja mchimba visima, mtu mzima, ambaye mke na watoto wake walikwisha kubatizwa. Alisema anamwamini Muumba kwa moyo wote, lakini huko chini amekuta maganda ya chaza ndani ya mwamba, mbali kabisa na bahari, na hawezi kutamka asichokiamini. Akauliza kwa adabu: kama jua liliumbwa siku ya nne, zile tatu za mwanzo zilipimwa kwa saa gani? Bibi Sindano alifura kwa hasira, akalifuta jina lake. Kwa miezi kumi na minne yule bwana alisikiliza misa akiwa nje, dirishani, familia yake ikiwa ndani.

Swali lile halikumtoka Bibi Sindano akilini. Hatimaye alimwendea paroko, akiogopa kwamba imani yake yote itabomoka. Paroko alimjibu kwamba sura ile inatufundisha ni nani aliyeumba, na kwamba kazi yake ni njema. Kuhesabu saa hatukuagizwa. Bibi Sindano alishusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mzigo wa miaka arobaini hakuna aliyemtwika!

Siku hiyo hiyo alikwenda kwenye kisima alimokuwa akichimba yule bwana, akadai ateremshwe kwa kamba, mzee mzima, akayashika yale maganda kwa vidole vyake.

"Mwanangu," alisema, "nilikufungia mlango usio wangu. Nisamehe."

"Mama, nilidhani ni Mungu aliyenikataa," akajibu mchimbaji, akalia kwa faraja.

Alibatizwa Pasaka iliyofuata. Bibi Sindano alifariki Novemba ya mwaka huo, ameketi kwenye cherehani. Wachimbaji husimulia kwamba wanaoomba maombezi yake hawajapata kufukiwa na udongo; Kanisa bado halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nami sitalitangulia. Ninalojua ni hili, na sisi walimu wa katekisimu tuliige: alipotambua kwamba amemzuia mtu, hakungoja afuatwe. Alishuka mwenyewe mpaka pale mtu huyo alipokuwa.