Mgeni wa Banda Namba Sita

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilale. Nilikuwa nimefika hotelini asubuhi na mapema, nywele nimesuka, viatu nimeazima kwa dada yangu, tayari kufua, kudeki na kubeba chochote. Msimamizi wa Vyumba, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, akanipeleka chumbani na kunionyesha kitanda. "Panda, lala chali," akasema. Nikapanda kwa aibu. "Haya, niambie unaona nini." Nikamwambia naona dari. "Tazama vizuri." Ndipo nikaona utando wa buibui pembeni, tundu kwenye chandarua, na wadudu waliokufa ndani ya kifuniko cha taa. "Anayedeki huona sakafu," akasema yule mama. "Mgeni huona haya unayoyaona sasa. Chumba hukaguliwa kutoka kwenye mto."

Ninyi vijana mnaosomea hoteli mna vitabu vyenye picha. Sisi tulilazwa kitandani, tukaelewa.

Hiyo ilikuwa hoteli ya shirika la umma, pale Mwanza mjini. Sabuni ya mgeni tuliikata vipande kwa uzi. Balbu zilipoungua tuliwaomba wageni wavumilie, na wazoefu walisafiri na balbu zao mfukoni. Neno letu kubwa lilikuwa "hakuna", na tulilisema bila kuinua kichwa. Mgeni akiomba taulo la pili tulimtazama kama mtu aliyeomba mke wa pili.

Kisha likaja soko huria. Hoteli ikauzwa, tukapewa kiinua mgongo na asante, tukarudi nyumbani kutazamana. Lakini miaka hiyo sangara alikuwa anapaa kwa ndege kwenda Ulaya, na waliomfuata walihitaji mahali pa kulala. Wenye mitaji wakaanza kujenga nje ya mji, kando ya ziwa. Nikaajiriwa kwenye hoteli moja ya namna hiyo, na jina lake nalihifadhi. Ilikuwa na bwawa la kuogelea, bustani, na mabanda ya makuti yaliyotazama maji, kila banda na baraza lake. Mchanga wa ufukweni uliletwa kwa malori, maana sisi huku Mungu alitupa mawe.

Safari hii mimi ndiye nilikuwa Msimamizi wa Vyumba. Juu yangu alikuwa Meneja Mkuu, Mhaya aliyesomea hoteli Ulaya, na hakuruhusu mtu asahau hata moja kati ya hayo mawili. Alitembea na leso nyeupe, akipitisha kidole juu ya milango. Leso ikichafuka, hakufoka. Alikupa leso ukaifue.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Asubuhi tulitandika, jioni tulikwenda "kufunua kitanda", yaani kukunja pembe ya shuka, kushusha chandarua na kuvuta pazia ili mgeni akute kitanda kinamsubiri. Kosa la wahudumu wapya lilikuwa kuwasha taa kabla ya kufunga dirisha. Wale wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi, wangejaa kwenye foronya mpaka ukaona huruma. Wageni nao walikuwa na mambo yao. Mmoja alipiga simu mapokezi akiomba vyura wanyamazishwe.

Na ilikuwepo kanuni moja niliyoileta mimi mwenyewe, nikawafundisha mabinti wangu wote: chumba hakina mdomo. Ulichokiona chumbani kinabaki chumbani. Tulimpoteza binti hodari kabisa kwa sababu alisimulia sokoni kwamba mheshimiwa fulani anavaa meno ya bandia. Nililia alipoondoka, lakini niliunga mkono aondoke.

Sasa niwaeleze masika moja. Wazungu walikuwa wamepungua, mabanda yamekaa tupu, Meneja Mkuu akatangaza bei ya wazawa. Wananchi wakaja kwa wingi kuona raha inafananaje. Mimi nilikuwa nimekwenda kwetu Majita kwenye msiba, na mvua ilipoanza kuharibu barabara nikawahi kurudi kabla likizo haijaisha. Siku niliyorudi kazini nilibeba taulo, nikashuka kwenye njia ya mabanda. Kwenye baraza la namba sita alikuwa amesimama mwanamume anapiga mswaki. Alikuwa Magesa, mume wa binti yangu Tabitha.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na kitanda cha mkwe wako hukioni kwa macho yako, achilia mbali kukitandika. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Mimi nilipisha. Nilijitosa kwenye kichaka cha maua na taulo zangu zote, nikachuchumaa.

"Mama Tabitha," ikasema sauti juu yangu. Alikuwa Meneja Mkuu na leso yake. "Unatafuta nini humo?"

"Nakagua mizizi, Bwana Meneja."

"Kwa taulo?"

Nikapangusa jani moja kwa taulo. Akaondoka akitikisa kichwa.

Aibu ya kichaka ilikuwa ndogo. Kilichoniogopesha ni kwamba Tabitha hakuwa nyumbani. Alikuwa bwenini, Butimba, anasomea ualimu. Alipata nafasi baada ya kuolewa, na ni mimi niliyemsukuma aichukue. Magesa, aliyekuwa msimamizi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki kule Nyakato, alikubali. Mama yake, aliyekuwa anakaa Ukerewe, alikataa. Alinitumia mtu na ujumbe: "Mke anayelala bweni ni mke wa nani?" Nilijibu kwa heshima, lakini maneno yale yalibaki yananichoma. Sasa mkwe wangu yuko kwenye hoteli ya starehe, na mke wake yuko darasani. Ndoa ikivunjika, Tabitha angeacha chuo kwa aibu, na watu wangesema mama mtu ndiye aliyeivunja. Na mimi ningekubaliana nao.

Nikaanza kuona mambo. Barazani ilianikwa kanga, na haikuwa ya mwanangu. Jikoni walipeleka sahani mbili, kila mlo, hukohuko bandani. Mhudumu wa mezani akalalamika kwamba mgeni wa namba sita hataki kabisa kuja kwenye ukumbi wa chakula, na akitoka huchungulia kwanza kama mwizi wa kuku. Moyo wangu ukasema, basi, yamekwisha.

Kuuliza mapokezi ni kujitangaza. Kumpelekea Tabitha habari, ningemwambia nini? Kwamba nimeona kanga? Akabaki Siwema, binti wa Kiseke aliyekuwa anahudumia mabanda ya chini. Nilimwita stoo ya mashuka nikajifanya nahesabu foronya.

"Siwema, namba sita pakoje?"

"Pazuri, mama. Kazi hakuna. Nikifika nakuta kitanda kimetandikwa, mpaka mchanga umefagiwa."

Nikashangaa. Ni hawara gani huyo anayefagia? "Na wageni wenyewe... ni watu wa namna gani?"

Siwema akanitazama, akashusha macho. "Mama, si wewe uliyetufundisha? Chumba hakina mdomo."

Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia vizuri sana, hivyo ndivyo inavyotakiwa, nenda kaendelee na kazi.

Kesho yake Siwema hakuja. Mtoto wake alikuwa na homa. Wahudumu waliokuwepo walishagawanywa, na Meneja Mkuu akasema, "Mama Tabitha, mabanda ya chini utayafanya wewe." Nikamwambia nitayafanya yote isipokuwa namba sita. Akaniita ofisini.

"Umeanza kuchagua wageni?"

"Hapana, Bwana Meneja. Mle amelala mkwe wangu."

Akakunja leso. "Mama, naheshimu mila. Lakini ndani ya geti hili hakuna mkwe. Kuna mgeni."

"Bwana Meneja, nikitandika kile kitanda, nyumbani kwa mwanangu sitakanyaga tena."

"Na mimi nikimruhusu kila mtu akatae banda kwa ajili ya ukoo wake, kesho nitatandika mwenyewe. Wewe ndiye msimamizi. Wanakutazama wewe. Nenda, au uache funguo hapa mezani."

Niliondoka na funguo. Nawaambia kweli, sikuwa nimeamua. Mume wangu alikuwa ameshafariki, mshahara ule ndio uliokuwa unamtunza Tabitha chuoni, na kila hatua nilisema nitarudi, sirudi, nitarudi. Nikavua kilemba cha kazi, nikajitanda kanga mpaka usoni. Nilipofika barazani nikaupa mlango mgongo, nikatazama njia niliyotokea, nikapiga hodi.

Nikasikia mlango wa upande wa maji unafunguliwa, na miguu ya mtu inakimbia. Nikasema, haya, hawara katoroka. Kisha ikatoka sauti kutoka ndani, sauti ya mwanamke mzee.

"Karibu, mwanangu. Lakini kama ni kitanda, nimeshatandika. Mimi nilikuwa mgonjwa wa macho, si wa mikono."

Sauti ile niliijua. Ni ile iliyonisalimia siku ya posa na siku ya harusi, sauti ya mama yake Magesa.

"Shikamoo, mama," nikasema, na bado nimeupa mlango mgongo.

"Marahaba. Hebu sema tena."

"Shikamoo."

"Mkwe! Ni wewe?" Akatoka na ufagio wa vijiti mkononi na miwani myeusi usoni. "Geuka, hakuna mwanamume hapa. Amesikia sauti yako amekimbia."

Nikageuka. Akaivua miwani taratibu. Huyu mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu kabla vijana hawajaoana. Harusini alishikwa mkono, akacheza na vivuli. Sasa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa ya mjini, na ameambiwa asikae kwenye moshi wala vumbi mpaka atazamwe tena. Nyumba ya Magesa kule Nyakato ilikuwa na vyote viwili. Magesa akasikia kuna bei ya wazawa, akamleta mama yake apumzike macho akitazama maji aliyoyakosa kwa miaka.

Yule mama akanisogelea mpaka pumzi zetu zikakutana. "Kumbe una mwanya," akasema. "Siku zote nazungumza na mtu mwenye mwanya, na hakuna aliyeniambia!"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kule majini Magesa alikuwa amesimama na viatu vyake, maji yamemfika karibu na magoti, mgongo ametugeuzia.

"Shikamoo, mama," akapaza sauti kuelekea ng'ambo ya ziwa.

"Marahaba, baba," nikaujibu ukuta.

"Tabitha alisema uko Majita, msibani. Ningejua utarudi mapema nisingekuja. Tangu nisikie umerudi nimejificha humo ndani, hata ukumbini sijafika."

"Hata mimi nimejificha, baba. Mimi nilikuwa kwenye maua."

Mama yake akaketi barazani, akanivuta niketi. Akasema daktari aliyemfungua macho alikuwa mwanamke, kijana tu. "Nilipofunguliwa bandeji, uso wa kwanza kuuona ni wake. Nikamuuliza, una mume? Akasema anaye, na alimsubiri asome." Akageuza ufagio mikononi. "Yale maneno niliyokutumia, mkwe, yafute. Sijamwona Tabitha hata siku moja kwa macho haya. Lakini usimtoe chuoni aje nimwone. Nitasubiri. Acha mtoto wetu amalize."

Alisema mtoto wetu. Nilimshika mkono tu.

Niliporudi ofisini, Meneja Mkuu aliuliza kama kazi imefanyika. Nikasema imefanyika. "Umefanya wewe?" Nikasema, "Amefanya mgeni," nikamweleza. Hakucheka mbele yangu, lakini nilipofunga mlango nilimsikia. Wiki ileile akatoa utaratibu mpya: mhudumu akikuta mkwe wake chumbani, abadilishane na mwenzake, na asiulizwe. Utaratibu ule ulidumu mpaka nilipostaafu. Nilihudumu chini ya mameneja wengine baada yake, Wakenya, Mzungu mmoja, na kijana wa Dar aliyeogopa vyura, na hakuna aliyethubutu kuufuta. Siwema nilimpendekeza mwenyewe achukue nafasi yangu. Tabitha alimaliza Butimba, akapangiwa kazi Ukerewe, na mama mkwe wake akawa anamwona kila siku mpaka wakaanza kugombana kuhusu chumvi, kama kawaida ya watu.

Sasa nimekaa nyumbani, na mabinti wa mahoteli huja kuniuliza kazi ile inataka nini. Huwaambia inataka mikono, macho na mdomo uliofungwa. Wanauliza pia kama inawezekana kuwahudumia wageni bila kuingiza moyo wako. Hapo huwaeleza nilivyomaliza asubuhi ile. Kutoka namba sita niliingia namba saba, maana kazi ilikuwa bado ipo. Nikatandaza shuka, nikakunja pembe, na furaha niliyokuwa nimeizuia barazani ikanitoka kwa machozi. Nililia huku natandika, mpaka shuka likalowa. Basi nikajifuta uso, nikalitoa, nikaenda stoo kuchukua jingine.