Kichwa cha Gia Kilichokosa Pa Kukaa

Sisi wenye magari ya Mkuki tuna desturi moja ambayo wake zetu huiita utoto. Gari haliwi la kikundi mpaka lifungwe kichwa cha gia cha mpingo, kile kidude unachokishika unapobadilisha gia, na mwenyekiti ndiye anayekifunga kwa mkono wake mwenyewe. Mchongaji wa vichwa hivyo ni mimi. Kwa hiyo Mwende, binti wa marehemu Mutua, aliponipigia simu Wamunyu kusema amenunua Mkuki, sikuuliza swali hata moja.

"Anko, baba alikuwa wa kikundi chenu," aliniambia. "Nataka kurudi mahali pake."

"Nakuja Jumamosi," nikamjibu, nikaanza kutafuta kipande kizuri cha mpingo.

Mkuki ni jina letu la utani kwa gari la mbio la milango miwili lenye boneti ndefu kama pua ya mtu mdaku. Jina la kiwandani tumewaachia wenye kiwanda. Langu ni kizazi cha kwanza, jekundu, na ni kaidi kama mimi. Kizazi cha pili nilikivumilia. Cha tatu kilinenepa, nikanyamaza kwa heshima ya wenyewe. Cha nne nilikuwa sijakiona kwa macho, lakini tayari sikukipenda.

Alfajiri ya Jumamosi nikatoka Wamunyu. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mwanamume mzima anasafiri hadi Nairobi kupeleka kipande cha mti," akasema.

"Si kipande cha mti. Ni uanachama."

"Haya, peleka uanachama. Ukirudi ulete sukari."

Kabla ya Masii barabara ilikuwa yangu peke yangu. Jua lilichomoza nyuma yangu likajaa kwenye kioo cha kutazamia nyuma, nami nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo kwaya yetu hainiruhusu kuitumia. Mpingo ulikuwa mfukoni, nimeupiga msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, maana Mutua alikuwa rafiki yangu, na gari lake liliuzwa alipougua. Tangu hapo msafara wetu umekuwa na pengo.

Nilipofika mji wa Mlolongo injini ilipata joto, kama kawaida yake. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikangoja ipoe ndipo niongeze maji. Dereva wa lori aliyekuwa akinunua mahindi ya kuchoma akaja kuchungulia.

"Mzee, hii gari inakunywa kuliko mimi."

"Lakini yenyewe inafika nyumbani," nikamwambia. Alicheka mpaka hindi likamdondoka.

Mtaa wa Fedha, Nairobi, nilifika watu wakiwa wanaanika nguo. Mbugua, mwenyekiti wetu, anaishi kule na mkewe, Mama Ciku, na uani kwake ndiko tunakokutania. Mbugua ni fundi cherehani mstaafu, na Mkuki wake ndio mkongwe kuliko yote. Kwa hiyo katika msafara gari lake ndilo hutangulia, na hakuna anayeruhusiwa kulipita. Hiyo ni desturi yetu ya pili. Lakini kwa miaka mingi gari hilo limekaa juu ya mawe chini ya turubai, na Mbugua huliwasha kila Jumamosi, akalisikiliza, akalizima. Anasema barabara za siku hizi haziliwezi.

Wenzetu wachache walikuwa wamefika. Tulikuwa kwenye chai ya pili Mwende alipoingia na gari la kijivu, kimya kiasi kwamba paka aliyelala langoni hakuamka.

"Niaje wazee! Shikamooni," akasema akishuka, msichana mrefu mwenye meno ya babake.

Nikafungua mlango wa dereva, mpingo mkononi, tayari kumpimia. Nikatazama katikati ya viti. Nikatazama chini yake. Nikatazama tena. Palikuwa na vitufe vinne na mahali pa kuwekea kikombe.

"Fimbo ya gia iko wapi?"

"Haina, anko. Ni oto. Unabonyeza tu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Mimi nilidhani unaniletea zawadi ya kuning'iniza kwa kioo."

Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kweli, nani angeuliza? Ukisema umenunua ng'ombe, hakuna anayekuuliza kama ana miguu.

Mbugua hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Basi maneno yamekwisha. Kichwa kinafungwa kwa fimbo. Hakuna fimbo, hakuna kufunga, na isipofungwa si ya kikundi. Hii ni simu yenye magurudumu. Pole, mama, lakini mimi sifungi."

Mwende alisema tu, "Sawa, mzee." Lakini alikuwa ameshaligeukia gari lake, na moyo ukaniuma. Mama Ciku akakumbuka ghafla kwamba chapati zimepungua, na kwamba mamake Mwende anazipika kule mtaa wa Pipeline. Akanituma niende na msichana kuzileta. Mama huyo hajawahi kupungukiwa na chapati maishani mwake.

Pipeline gari la mbio ni kichekesho. Magorofa yamebanana mpaka mbingu imebaki utepe, nguo zinadondosha maji juu ya boneti, na mkokoteni wa mitungi ya maji ulitupita kwa dharau. Mwende aliendesha polepole, akisalimia watu kwa majina. Mimi nilikuwa nimenuna. Kiti kilikuwa kizuri, nami nilikikasirikia kwa kuwa kizuri.

Ndipo nikauona mkono wake wa kushoto. Kila gari lilipopunguza mwendo, mkono ulitoka kwenye usukani, ukashuka katikati ya viti, ukakunja vidole juu ya hewa tupu, kisha ukarudi.

"Unatafuta nini hapo?" nikamuuliza.

Akauangalia kama wa mtu mwingine. "Aki hata sijui nafanya hivyo. Nikiwa mdogo, baba alikuwa ananiwekea mkono juu ya ile yako ya mpingo, halafu anaweka wake juu yangu. Tunabadilisha gia pamoja. Nilijua gari kwa mkono kabla sijafikisha miguu kwa pedali."

Nilifungua dirisha, nikajifanya natazama magorofa.

Tuliporudi Fedha sikungoja chapati ziandaliwe. Nilitoa kisu na msasa kwenye buti la gari langu, nikakaa kwenye ngazi, nikakata kitako cha kile kichwa kikawa bapa, kisha nikakizungushia kitambaa kidogo chini. Nikakijaribu pale pa kuwekea kikombe. Kikakaa imara. Nikamwita Mwende aketi, nikamwambia afumbe macho na ashike gia. Mkono ulishuka wenyewe, ukakikuta.

Alikibana tu, machozi yakimtoka huku anacheka.

"Haya, mwenyekiti," nikasema. "Mahali pa kufunga pamepatikana."

"Lakini Baba Kioko, hicho kitu hapo hakifanyi kazi yoyote!" Mbugua akalalamika. "Kinazunguka tu bure!"

Mama Ciku alikuwa amebeba sahani ya chapati. Hakuiweka hata chini.

"Na cha kwako je, Baba Ciku, hapo juu ya mawe? Hicho kinafanya kazi gani?"

Mbugua akaligeukia turubai lake, akalitazama kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Akaenda kwenye gari la kijivu, akainama kwa shida ya mgongo, akakinyanyua kile kichwa, akakifuta kwa shati lake, akakirudisha mahali pake kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu nyumbani, binti Mutua," akasema.

Jioni nikashika njia ya kurudi. Nikipanda vilima vya Machakos nilibadilisha gia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu. Bado naamini gari lisilo na fimbo ya gia limekosa kitu, na msiningojee nibadilike. Lakini nilikuwa nimedhani Mkuki unarithiwa kwa chuma, kumbe watu huurithi mkononi. Sukari nilisahau, na hilo nililijibia kwa mke wangu nilipofika.

Jumapili moja baadaye simu ikalia. Ni Mama Ciku, na nyuma yake honi zilikuwa zinapigwa kama arusini.

"Baba Kioko! Tuko Outering Road! Foleni nyuma yetu haisongi!"

Kwa mbali nikamsikia Mbugua akipiga kelele kwa furaha: "Mwambie haisongi kabisa!"

"Mmetoka na gari gani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshasimama.

"Ya mawe! Na huku nyuma ni Mwende, na wenye magari wengine wanampigia honi atupite. Nafasi iko, Baba Ciku mwenyewe amempungia mkono apite. Msichana amekataa."