Nyale na Matanga ya Mamake

Nyale wa Gede, mkata mawe ya kujengea, alikuwa na mdomo mrefu kuliko panga lake. Mwaka ule wa korona, wenzake wakizika mbiombio, watu kumi na tano na dua fupi, yeye alimzika mamake kwa matanga ya siku tatu: ngoma, mbuzi wanne, umati uliokanyaga mihogo ya jirani. Waliokula walisifu, na nani hakula? Ambacho Nyale hakukisema ni kwamba mama alikufa akiitafuta pumzi. Yeye na kakake Kalama walikubaliana: chifu akiuliza, ni presha.

Nyumba nzima ikakohoa kidogo, ikapona. Mwezi mmoja baadaye bintiye Mbeyu, wa miaka minane, akashikwa na homa isiyoshuka. Malaria ikapimwa, hamna. Siku ya tano macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka, vipele kifuani, tumbo haligusiki. Akalazwa.

"Baba Mbeyu," aliuliza Daktari Shital, "wiki hizi sita kuna aliyeugua korona nyumbani?"

"Korona? Sisi wala mihogo? Kwetu haijui njia, daktari!"

Mkewe, Zipporah, akatazama sakafu.

Kesho yake akaulizwa tena. Akakana tena, ila bila mzaha. Maana baada ya matanga wazee wawili wa pale mtaani walikohoa wakafa, na aliyewapakulia pilau ni Nyale mwenyewe. Akifungua kinywa, Gede yote itajua ugonjwa waliutoa wapi.

Siku ya tatu ya kulazwa mapigo ya mtoto yakawa hafifu, mikono ikapoa. Akatiwa oksijeni. Vidole vilikuwa vimevimba hata kipete chake cha shanga kikakatwa kwa makasi.

"Sema," Zipporah akamwambia. "Ama nitasema mimi, na ukitaka unirudishe kwetu."

"Kalama ata..."

"Kalama ndiye aliyelala kitanda kile?"

Nyale akasema. Kwa sauti ndogo hivi, mwenye kumjua asingeamini ni yake.

Daktari akamweleza: virusi vilishaondoka, lakini kinga ya mtoto, baada ya kupigana navyo, imekosa breki na sasa inauchoma mwili wenyewe, moyo pia. Siku zote hizo walikuwa wakitibu maambukizi ya tumbo. Dawa zikabadilishwa saa ileile.

Homa ilishuka siku ya pili. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeshatanuka.

"Ningesema siku ile ya kwanza?"

"Tungeanza siku ile ya kwanza," daktari akajibu.

Mbeyu yu hai. Hakimbii, na akipanda kilima kidogo hukaa chini. Kalama hamsalimu ndugu yake. Kila asubuhi Nyale humbeba binti mgongoni hadi shuleni, kwa njia ya kuzunguka, asipite penye nyumba za wale wazee. Juzi mjane wa mmoja wao alimwona kwa mbali, akamwita kwa jina. Nyale akaongeza mwendo.