Sahihi ya Mama

Juzi binti yangu alinipa karatasi yake ya ufahamu, nisaini kwamba nimemsikiliza akisoma. Nilipoishika nikasikia harufu ya dagaa, na nyumbani kwetu Kiseke siku hiyo hapakuwa na dagaa hata mmoja.

Nilipokuwa shule ya msingi, nilimpelekea Mama karatasi kama hiyo akiwa anaanua dagaa mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaketi mchangani.

“Soma, mwanangu.”

Wenzangu walikuwa wakiniita tukaogelee, kwa hiyo niliruka aya nzima ya katikati.

“Subiri kwanza,” Mama alisema. “Si umesema mlango ulifungwa? Sasa huyo mbuzi aliingiaje ndani?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

Aliitazama ile karatasi kwa muda. “Basi ni mimi sijaelewa. Si unajua sikusoma.” Akachora msalaba wake taratibu penye nafasi ya sahihi.

Nilikimbilia majini nikicheka moyoni, nikiamini kuwa asiyejua kusoma hawezi kuelewa hadithi. Jioni nikageuza karatasi nijibu maswali. La kwanza liliuliza: Mbuzi aliingiaje ndani?

Sikumwambia. Niliendelea kumsomea hadi darasa la saba, naye alisikiliza kila neno. Hakuuliza swali tena.