Sweta ya Baba Mkwe

Kikapu changu cha nyuzi kilibeba aibu zangu zote. Kitambaa cha kochi kilichokosa upande mmoja, kofia ya kichanga ambaye sasa anakimbiza kuku, soksi isiyo na mwenzake. Chini kabisa lilikaa bonge la pamba ya kujazia mito niliyojaribu kuisokota iwe uzi. Ilikatika kila shibiri, nikaitupa humo kwa hasira. Mikono yangu haitulii. Nikianza kazi asubuhi, mchana nataka nyingine.

Duka la nyuzi pale Kyela mjini ningepaswa kulipita nimefumba macho. Mwenye duka, mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa akiniona tu anacheka.

"Ile ya juzi umeimaliza, mama?"

"Bado mikono tu," namjibu, na mara nyingi hata mgongo bado.

Lakini mwaka ule nilikuwa na kazi moja isiyotaka mchezo. Baba mkwe alikuwa anaumwa, akatakiwa hospitali Mbeya mwezi wa sita, wakati baridi ya kule inaingia hadi kwenye mifupa. Sisi wa Bujonde, kwa joto letu hili, sweta za nini? Nikamwambia mama mkwe kwamba nitamfumia mzee moja, na ataondoka ameivaa. Nikanunua uzi wa kijivu.

Shida ilikuwa kumpima. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani ana kwa ana na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wameacha, nyumbani kwetu bado. Kwa miaka kumi na minne tuliishi kiwanja kimoja, nami nilimjua kwa kikohozi na kwa mburuzo wa ndara zake. Akitokea huku, mimi nimeshazama kwenye mikakao. Kwa hiyo nilisubiri shati lake la kanisani lianikwe, nikalipima kwa shibiri: kifua, mabega, mikono. Nilijiona mjanja kweli.

Sweta ilianza vizuri, kisha nikaanza kuhangaika. Nafuma mistari kumi, naiacha, nashika kitambaa cha kochi. Naenda mjini kutafuta kijivu cha kuongezea, narudi na uzi wa waridi. Siku zikawa zinayoyoma. Kikohozi nyuma ya nyumba kilizidi, na kila nikikisikia natafuta kazi nyingine ya kushika. Niliogopa. Nadhani niliamini kwamba sweta isipokwisha, na safari haitakuwepo.

Wiki ya mwisho uzi uliniishia, mikono yote miwili bado, na kijivu kile dukani hakikuwepo tena. Nikachukua shali niliyokuwa najifumia kwa uzi uleule, nikaifumua yote. Kwa mara ya kwanza kiporo changu kilinifaa. Asubuhi ya safari nilifunga fundo la mwisho, nikampa mama mkwe.

Nikajificha jikoni. Bajaji ilikuwa imeshafika. Mama mkwe akaja mlangoni.

"Anasema, ndaga fijo, mwanangu. Anakushukuru sana. Imemtosha sawasawa."

Furaha ilinipanda hadi nikafanya nisilowahi kufanya. Nilichungulia kwenye upenyo wa ukuta wa mianzi.

Alikuwa amenipa mgongo, akipanda bajaji. Sweta ilimfika mapajani. Mikono ya sweta ilikuwa imekunjwa mara tatu, na mabega yake yalikuwa yameshuka karibu na viwiko. Yule mwenye shati la kanisani hakuwemo humo ndani. Wote pale nyumbani walimwona akipungua siku hadi siku. Mimi nilikuwa nimepima shati. Nililia palepale, mbele ya sufuria.

Kesho yake nilimpigia simu mama mkwe, akiwa naye Mbeya. Nikamwomba achukue kamba ampime mzee kifuani, nimfumie nyingine, na safari hii nitaimaliza ndani ya wiki moja. Nilimsikia akimweleza. Kikafuata kikohozi, kisha sauti yake ndogo, maneno sikuyashika.

"Amekataa kupimwa," mama mkwe akasema. "Anasema sweta anayo, na inamtosha."